KIBLA CHA WAZEE: NILIYOYAONA SURINAME

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Baada ya somo letu la adabu za kukosoana msikitini, wengi mmeniandikia swali moja kwa maneno tofauti: kijana akiwa na haki na mzee akiwa amekosea, je, kijana anyamaze? Na akisema, aseme vipi? Mmoja ameandika kwa uchungu kwamba baba yake hasemi naye mwaka wa pili sasa kwa sababu ya jambo la dini.

Swali hili ningeweza kulijibu kwa mistari mitatu. Lakini nimeona niwasimulie habari ya nchi moja ambayo Waislamu wake walilipitia swali hili kwa miaka mingi, tena katika jambo zito kuliko qunut na maulidi. Wao walihitilafiana juu ya kibla chenyewe. Somo ni refu leo, kwa hiyo mwenye kahawa yake amimine.

SURINAME NI WAPI?

Suriname ni nchi ndogo ya Amerika ya Kusini. Kusini imepakana na Brazil, magharibi Guyana, mashariki Guyana ya Wafaransa, na kaskazini iko bahari ya Atlantiki. Watu wake hawafiki milioni moja, na karibu wote wanaishi pwani, maana bara ni msitu mtupu. Waholanzi waliitawala mpaka tarehe 25 Novemba 1975, na Kiholanzi ndiyo lugha ya serikali hadi leo.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba katika sensa ya mwaka 2012 Waislamu wa nchi ile walikuwa kama 14 katika kila watu 100. Idul Fitr ni sikukuu ya taifa, na nchi yenyewe imo katika Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu (OIC) tangu 1996.

Waislamu hawa walifikaje huko? Utumwa ulipofutwa tarehe 1 Julai 1863, wenye mashamba ya miwa walitafuta watu wengine wa kufanya kazi. Kuanzia mwaka 1873 walileta Wahindi, kiasi cha 34,000 mpaka mwaka 1916, wengi wao Wahindu na sehemu yao Waislamu. Kisha kuanzia mwaka 1890 wakaleta Wajava kutoka Indonesia ya leo, ambayo nayo ilikuwa chini ya Waholanzi. Mpaka mwaka 1939 walikuwa wamefika karibu 33,000, na hao karibu wote walikuwa Waislamu. Walitiwa saini za mkataba wa miaka mitano, na aliyekataa kazi alifungwa jela. Sisi wa Tanga tuliokulia karibu na mashamba ya mkonge tunalo neno la watu kama hao. Walikuwa manamba.

Mimi nilifika kwa sababu ya ukwe. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Uholanzi na ameoa binti wa Kijava aliyezaliwa Suriname. Mwaka juzi mwezi wa tisa walikuwa wanakwenda kuwasalimia wazazi wa bibi, akanipigia simu: "Mjomba, baba hayupo tena, na wakwe zangu hawajamuona mtu mzima hata mmoja wa upande wetu. Twende ukawajue." Ombi kama hilo halikataliwi.

Kutoka Amsterdam ni safari ya ndege ya kiasi cha saa tisa. Tulipotoka nje ya uwanja nilihisi nimeshuka Tanga. Joto lile lile la unyevu, minazi, miembe, mihogo, na magari yanapita kushoto kama kwetu. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa sita, basi wao wakiingia adhuhuri, sisi huku tunaingia magharibi.

NICKERIE, KWENYE MPUNGA

Siku ya tatu tulisafiri kwenda magharibi, mpaka mji wa Nieuw Nickerie ulio mpakani mwa Guyana. Kutoka mji mkuu, Paramaribo, ni zaidi ya kilomita 200, na barabara inafuata pwani. Lakini msidhani ni pwani ya mchanga mweupe kama yetu. Ni pwani ya tope na mikoko, na maji ya bahari yana rangi ya chai ya maziwa.

Njiani tulipita Coronie, wilaya iliyojulikana zamani kwa minazi na mafuta ya nazi. Tulisimama kununua madafu. Mama aliyetukatia alikuwa mweusi kama sisi, kizazi cha watu waliouzwa kutoka Afrika. Alipoambiwa kwamba mimi nimetoka Afrika, aliuliza, "Kweli umetoka kule kwenyewe?" kisha akakataa pesa ya dafu langu. Sikuwa na neno la kumwambia zaidi ya kumuombea.

Nickerie ni nchi ya mpunga. Mashamba yako chini kuliko bahari, yamezungukwa na kuta za udongo na mifereji, na maji yanafunguliwa na kufungwa kwa malango. Waislamu wa pale wengi ni wa asili ya India, wanafuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa. Tulisali adhuhuri nao, na imamu wao, mtu wa makamo yangu, akatukaribisha chakula cha roti na mchuzi wa kuku.

Huyu imamu ndiye aliyenifungulia mlango wa habari ninayotaka kuwapa. Nilimsifia msikiti ulivyoelekezwa vizuri, naye akasema, "Sheikh, jambo hili kwetu ni jepesi, lakini waulize wenyeji wako Wajava. Wao liliwagharimu."

KIBLA KILIVYOKUWA TATIZO

Hapa tusimame kidogo ili kila mtu aelewe.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tumekaa karibu kusini kamili mwa Makka. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, kote huko kibla ni kaskazini. Ndiyo maana mabaharia wetu wa zamani walipotaka kutaja upande wa kaskazini walisema "kibla", na kila mtu alielewa.

Mtu aliyezaliwa Java yuko mashariki ya mbali ya Makka. Kibla chake ni magharibi, kunakozama jua, akielemea kaskazini kidogo. Babu yake alisali hivyo, na mwalimu wake alimfundisha hivyo.

Sasa mchukue mtu huyo, umtie melini, umvushe bahari mpaka Suriname. Makka iko nyuma yake. Kibla cha Suriname ni mashariki, kunakochomoza jua, ukielemea kaskazini kidogo. Lakini manamba yule hakupewa ramani. Alifika usiku au mchana, akapangiwa kibanda, akaonyeshwa shamba. Ilipofika magharibi alitafuta jua linazama wapi, akatandika mswala, akasali kama alivyosali kwao. Akamfundisha mwanawe hivyo hivyo, na watu wakajenga vimsikiti vya mbao wakiviita langgar, kama walivyoviita kwao, vyote vikitazama magharibi.

Miaka ya 1930 wakaanza kutokea watu wa kusema: jamani, hapa siyo Java, kibla kiko mashariki. Walikuwa na haki. Lakini Wajava wakagawanyika makundi mawili, wa magharibi na wa mashariki, wenyewe wakisema watu wa "kulon" na watu wa "wetan". Misikiti ikawa miwili, maziko yakawa mawili. Zipo nyumba ambazo ndugu wawili wa tumbo moja hawakualikana karamu kwa miaka.

Ukisikia hivyo ukiwa mbali utacheka. Usicheke, ndugu yangu. Hesabu kwanza misikiti ya mtaani kwako iliyogawanyika kwa jambo dogo kuliko hilo.

MARIËNBURG NA KABURI LA MANAMBA

Ukweni kwa mpwa wangu ni Commewijne, ng'ambo ya mto kutoka Paramaribo. Unavuka daraja refu lililofunguliwa mwaka 2000, na ukishuka upande wa pili umeingia nchi ya Wajava. Vibanda vya chakula wanaviita "warung", na bibi kizee anakuuzia supu ya kuku waliyoipa jina la saoto.

Mkwe wa mpwa wangu ni mzee wa miaka 78, mwembamba, kofia haimtoki kichwani. Watu wote wanamwita Pak, yaani Baba, nami nilimwita hivyo hivyo. Yeye anasema Kijava na Kiholanzi, binti yake akatutafsiria. Lakini yako maneno hayakuhitaji mtafsiri. Akisema "donya" nilijua dunia, "wektu" nilijua wakati, "rejeki" nilijua riziki. Dini ilipita kwao na ikapita kwetu, ikaacha nyayo zile zile.

Siku moja Pak alitupeleka Mariënburg. Hapo ndipo Wajava wa kwanza kabisa, watu 94, walipoletwa mwaka 1890. Kiwanda cha sukari kimebaki mifupa ya chuma yenye kutu, miti imeota ndani ya mitambo. Upo ukumbusho wa wafanyakazi waliouawa mwaka 1902. Walikuwa wamepunjwa ujira, wakamuua meneja Mzungu, na siku ya pili wanajeshi wakawafyatulia risasi. Walikufa watu 24, wengi wao wa asili ya India, wakatupwa katika kaburi moja.

Nilisimama pale nikasema moyoni: katika nyumba kama hizi za mabanzi, baada ya kutwa ya kukata miwa chini ya mnyapara, watu hawa walitawadha na kusali. Hapakuwa na mwadhini wa serikali, wala jumuiya ya kuwaletea misahafu, wala aliyewauliza. Leo mtu ana msikiti hatua ishirini kutoka kwake, na sala ya alfajiri inampita amelala.

Kutoka hapo tukaenda makaburini, na hapo ndipo Pak akanisimulia habari ya baba yake.

Baba yake aliletwa miaka ya 1920 akiwa kijana wa miaka ishirini. Mkataba ulipokwisha alipewa kipande cha ardhi, akalima, akajenga langgar nyuma ya nyumba yake na kuwa imamu wa majirani. Alisali akielekea magharibi maisha yake yote.

Pak alipokuwa na miaka 15, walikuja vijana wanne wa kundi la mashariki. Hawakubisha hodi vizuri. Mmoja wao, mbele ya wazee waliokuwa wameketi wakisubiri isha, alisema kwamba sala zote walizosali tangu watoke Java ni bure, hazikufika popote. Pak anakumbuka kimya kilichofuata. Baba yake alitoka nje, akasema neno moja tu: "Kama miaka yangu yote ni bure, basi kwako sina la kujifunza." Tangu siku hiyo, mtu yeyote akitaja habari ya kibla pale nyumbani, mzee aliinuka akaondoka.

Pak mwenyewe alipofika miaka 24 alikuwa anafanya kazi mjini. Akakutana na mwalimu mmoja wa asili ya India ambaye hakubishana naye. Alichukua chungwa na uzi. Akachoma sindano mahali pa Makka, sindano ya pili mahali pa Suriname, na ya tatu mahali pa Java, kisha akavuta uzi kutoka sindano hadi sindano. Akamwambia, "Tazama mwenyewe, kisha uamue." Pak akatazama, akaona. Siku hiyo alisali laasiri akielekea mashariki, na machozi yanamtoka, maana alijua amempa baba yake kisogo.

Akarudi nyumbani. Alifanya nini? Hakutangaza. Alisali chumbani kwake akielekea alikooneshwa. Na kila jioni aliendelea kumchotea baba yake maji ya udhu na kumfagilia langgar yake, ila safu yake nyuma ya mzee ilikuwa tupu. Baada ya miezi mzee akamuuliza, "Mbona huji tena nyuma yangu?" Akajibu, "Baba, nimeoneshwa jambo. Ukiniruhusu nitakuonesha." Mzee alinyamaza muda mrefu, akasema, "Si leo."

Hakumruhusu tena. Mzee alifariki mwaka 1981, na siku yake ile haikufika.

Pak akanionesha kaburi. Mnajua kwamba maiti wetu hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Aliyezikwa akitazamishwa magharibi, kichwa chake kiko kaskazini. Anayezikwa akitazamishwa mashariki, kichwa chake kiko kusini. Kwa hiyo katika makaburi yale, vichwa vya wazee viko upande mmoja na vichwa vya watoto wao upande mwingine. Ukitembea katikati ya safu unaiona hitilafu yao yote chini ya miguu yako.

Hapo Pak akanishika mkono na kuniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo kwa miaka zaidi ya arobaini: "Sheikh, wewe umesoma. Sala za baba yangu ziliishia wapi?"

NILIVYOMJIBU

Ndugu zangu, swali kama hilo halijibiwi kwa haraka. Binti yake alikuwa anatafsiri huku sauti inamkatika.

Nilimkumbusha kwanza kwamba hata maswahaba waliuliza hivyo hivyo. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina alisali akielekea Baitul Maqdis miezi 16 au 17, kisha Allah akaamrisha kuelekea Al-Kaaba. Waumini waliingiwa na wasiwasi juu ya ndugu zao waliokufa kabla ya amri ile. Jibu limo ndani ya Suratul Baqara, aya ya 143. Allah anatuhakikishia kwamba hakuwa wa kuipoteza imani yao, na wanazuoni wa tafsiri wamesema kwamba imani hapo ni sala zao.

Nikamwambia: kisa cha baba yako si kile kile, kwa sababu yeye amri ilikuwa imekwishateremka. Sipendi kukudanganya ili nikufurahishe. Lakini sharia inamjua mtu aliyeutafuta upande kwa bidii na elimu aliyokuwa nayo, akakosea. Maimamu wengi wanasema sala yake imesihi. Sisi wa madhehebu ya Shafii, na nyinyi Wajava ni Shafii kama sisi, kauli yetu yenye nguvu ni kwamba akibainikiwa kwa yakini aliposali sipo, aisali tena. Sharti ni kubainikiwa. Je, baba yako alibainikiwa?

Akafikiri. Akasema, "Aliambiwa. Hakuoneshwa."

Nikasema: hapo ndipo elimu yangu inapokoma, na elimu ya Allah haina ukomo. Yeye anajua kama mzee alifunga sikio kwa kiburi, au moyo wake uliumizwa na ulimi wa kijana mpaka akashindwa kusikia. Na kama alizuiwa na ule ulimi, basi mwenye ulimi naye ataulizwa. Wewe muombee, mtolee sadaka, na usijifanye kadhi juu ya kaburi la baba yako.

Kijana mmoja aliyekuwa nasi akauliza kama makaburi ya zamani yafukuliwe na kugeuzwa. Nikamjibu hapana. Maiti akishageuka udongo kaburi haliguswi. Wameshafika kwa Mola wao, waacheni.

Tukasoma Yasin, tukaomba dua. Tulipokuwa tunaondoka Pak alinionesha kipande kitupu upande wa magharibi wa kaburi la baba yake. Akasema ameshawausia watoto wamzike pale. Sikuelewa mara moja, mpaka alipoeleza kwa mikono yake. Baba amelala anatazama magharibi. Yeye atalazwa upande wa magharibi wa baba, akitazama mashariki. "Tutatazamana," akasema.

PARAMARIBO

Siku za mwisho tulikaa mji mkuu. Paramaribo ni mji wa mbao. Nyumba za zamani za Waholanzi zimepakwa rangi nyeupe, zina baraza na ngazi za mbele, na mwaka 2002 UNESCO iliutia mji wa kale katika urithi wa dunia. Kanisa kuu la Wakatoliki nalo ni la mbao, kubwa ajabu.

Mtaa wa Keizerstraat kuna jambo ambalo kila mgeni huoneshwa. Msikiti mkubwa wenye minara na sinagogi la Mayahudi vimekaa ukuta kwa ukuta. Najua kuna watakaoniuliza, kwa hiyo niseme wazi: msikiti ule ni wa jumuiya yenye uhusiano na Ahmadiyya wa Lahore, na sisi Ahlus Sunna tuna hitilafu kubwa nao ya itikadi. Sikwenda kusali pale, nilipita kutazama. Lakini nilichozingatia ni hiki: watu wenye hitilafu ya dini nzima wameweza kukaa jirani bila kurushiana mawe, na sisi wa safu moja tunashindwa kuamkiana kwa ajili ya mwandamo wa mwezi.

Sala ya Ijumaa tuliisali katika msikiti wa Wajava unaoelekea mashariki. Jioni yake jirani wa wenyeji wetu, mzee wa kundi la magharibi, alitualika kinywaji. Wapo bado, si wengi kama zamani. Nilimuuliza kwa heshima hoja yake ni nini. Akacheka, akasema, "Dunia ni mviringo, Sheikh. Nikienda magharibi bila kusimama, nitafika Makka." Nikamwambia, "Ni kweli, Baba, utafika. Lakini jirani yako akikuita, utazunguka mji mzima au utapita mlango wa karibu?" Akacheka zaidi, akaniongezea kinywaji. Ilipoingia magharibi yeye alisali kwake nasi tukasali kwetu. Tulipoagana alinishika mkono, akaniomba siku nikirudi nimletee huo uzi na chungwa anaousikia kwa watu. Nami nikamuahidi, inshaAllah.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, anza kwa shukrani. Yule kijana wa mashariki alikuwa na haki ya kibla, lakini hata hiyo sala aliyotaka kuirekebisha aliipata kwa wazee walewale. Wangeiacha shambani, yeye asingekuwa na cha kurekebisha. Kabla hujamwambia baba yako alipokosea, mwambie alikupa nini.

Pili, mapenzi kwa wazee si dalili ya kibla. Pak alimpenda baba yake kuliko nafsi yake, na bado aligeuka. Hoja ya kwamba tuliwakuta wazee wetu wakifanya hivi Qur'ani imeikosoa mara nyingi. Haki ikidhihiri inafuatwa, ingawa inauma. Nawaambia hili wazee wenzangu hasa. Kijana wako akikwambia ana jambo la kukuonesha, usiseme "si leo". Huna hakika ya kesho.

Tatu, kuonesha ni bora kuliko kutangaza. Maneno ya wale wanne yalifunga mlango kwa miaka ishirini, na chungwa moja la yule mwalimu likaufungua kwa siku moja. Someni Suratu Maryam muone Nabii Ibrahim (a.s.) alivyosema na mzazi anayeabudu masanamu. Mara nne mfululizo anamwita baba yake kwa upole, na alipotishiwa kupigwa mawe alimjibu kwa salamu. Baba yako wewe anaabudu sanamu? Anasali, anafunga, mmehitilafiana katika tawi. Basi ulimi wako umeutoa wapi?

Nne, aya ya 177 ya Suratul Baqara inatufundisha kwamba kuelekeza uso mashariki au magharibi peke yake siyo utimilifu wa wema. Inataja imani, na kutoa mali kwa jamaa, mayatima na masikini, na sala, na zaka, na kutimiza ahadi, na subira. Kuelekea kibla ni sharti la sala, hatulipunguzi. Lakini mtu anaweza kuupatia upande wa Makka kwa simu yake bila kukosea hata nyuzi moja, na moyo wake ukawa umewapa kisogo wazazi, jirani na yatima.

Sasa nimjibu yule ndugu ambaye baba yake hasemi naye. Usinyamaze juu ya haki, na usirudi kwenye kosa ili kumfurahisha. Wewe fuata ulichothibitishiwa na wanazuoni. Lakini leo jioni nenda nyumbani kwake. Usibebe kitabu. Muulize hali, mchotee maji ya udhu, kaa naye mpaka isha. Akikuuliza kwa nini husali nyuma yake au hufanyi kama yeye, mjibu kama Pak: "Baba, nimeoneshwa jambo. Ukiniruhusu nitakuonesha." Akisema si leo, rudi kesho. Kazi yako ni kuonesha, na mwenye kugeuza nyoyo ni Allah.

Ewe Mola wetu, wasamehe wazee wetu waliotushikisha sala katika dhiki. Wasamehe waliokufa wakikutafuta. Warehemu waliozikwa ugenini, Mariënburg na kila shamba walilopelekwa watu kwa nguvu na kwa hila. Tuoneshe haki tuifuate, na utupe ulimi wa kuifikisha bila kuvunja nyoyo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mwenye baba au mama aliyenuniana naye asiishie kusoma. Aondoke sasa hivi.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.